Lebo za Ghorofa ya Juu

Habari hii sijawahi kumsimulia mtu, na hata sasa nikiianza natafuta pa kuuficha uso. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Durban, nimepanga chumba Berea na Watanzania wenzangu wawili, na kazi yangu ilikuwa kufunga nyaya za kompyuta na simu kwenye majengo. Tulifanya kazi wawili: mimi, na mtu mzima mmoja wa Chatsworth niliyemwita Ami. Alizaliwa huko huko Durban, katika wale wanaoitwa Wazanzibari, kizazi cha watu waliofikishwa huko zamani kutoka pwani yetu, na Kiswahili chake alikiokota kwa bibi yake na kwetu sisi wageni tuliokuwa tukiswali naye. Alikizungumza polepole, kama mtu aliyebeba vyombo vya kuazima.

Ami alivuta nyaya tangu ujana wake, na miaka yote hiyo fomu za kukabidhi kazi zilisainiwa na wengine. Nchi ile unajua mwenyewe ilivyokuwa. Mambo yalipobadilika, bosi akamwambia: kazi ya kule Jacobs, mtaa wa viwanda, utaisaini wewe, na ikipita bila lawama, wewe ndiye msimamizi. Ami hakujisifu, ila wiki ile alikuja kazini na kalamu mpya ya rangi ya fedha kwenye mfuko wa shati. Nikamtania, "Ami, leo bwana harusi," akacheka mpaka akakohoa.

Zilikuwa ofisi za kiwanda cha rangi, chini na juu. Kila tundu la ukutani lina waya wake unaopita darini na kushuka hadi kwenye paneli, ndani ya kabati la chuma lililokuwa chumba cha chini. Namba unayobandika ukutani ndiyo hiyo hiyo unayobandika kwenye paneli, pale unapoishia waya ule ule. Hakuna kubahatisha. Mmoja anachomeka testa, kile kipimo cha nyaya, ukutani, mwingine yuko kabatini, mnaitana kwa redio. Sisi tulihesabu kwa Kiswahili, kwa sababu Ami alipenda. "Kumi na saba?" "Iko." "Bandika." Alhamisi tukamaliza matundu yote ya chini, safi kabisa.

Ijumaa mchana Ami akaenda msikitini. Mimi nikajitia kiherehere, nikasema nitaswali adhuhuri pale pale, niisogeze kazi kidogo. Akasema, "Nisubiri, mwanangu. Hii ni kazi ya watu wawili." Alipoondoka tu nikachomeka testa tundu la kwanza la juu, nikashuka ngazi, nikalipata. La pili, nikashuka, nikalipata. La tatu hivyo hivyo. Yanafuatana vizuri, miguu inauma, na kichwani namwona Ami anarudi anakuta kila kitu tayari, anabaki kunisifu. Nyaya si tulizivuta wenyewe, kwa mpangilio? Basi nikakaa chini, nikabandika lebo ishirini na moja zilizobaki kwa kufuata mstari. Haikufika nusu saa. Nikanywa chai.

Ami alirudi kanzu ikiwa bado mkononi. Akatazama lebo zilivyonyooka.

"Umeyapima yote?"

"Yote, Ami."

"Na yale ya mwisho?"

"Wallahi."

Hapo ndipo penyewe. Mtu mwingine angechukua testa, akapima angalau matatu. Lakini kwetu mtu akishaapa, ukimkagua umemtukana. Ami akasema, "Umeapa, basi," akatoa kalamu yake, akasaini taratibu, jina zima. Nilisimama pale namwangalia. Ningeweza kusema. Ningependa kumsingizia shetani, lakini shetani hakuwepo, nilikuwepo mimi.

Kumbe darini, penye nguzo, mafungu mawili ya nyaya yalikuwa yamepishana. Jumanne fundi wa kompyuta wa kiwanda akataka kuzima matundu ya vyumba visivyotumika. Akafuata lebo zetu, akachomoa, na kumbe amekata maabara wanakochanganyia rangi. Mashine zikafa katikati ya kazi, mapipa mazima yakaharibika. Tukaitwa. Ami akawahi kupita na testa: matatu ya kwanza sawa, mengine yote ovyo. Mtu wa kazi haambiwi maana yake.

Bosi akatukuta kabatini, fomu mkononi. "Nani alipima ghorofa ya juu?"

Ami akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananiachia nafasi. Nikainama, nikajifanya naokota vipande vya waya sakafuni. Vipande vya waya, mimi, mwanamume mzima.

"Sahihi ni yangu," Ami akasema.

Usimamizi ukampita hivyo. Mimi kila siku nikawa najiambia nitasema kesho, kesho kwenye teksi, kesho tukishakula. Ami hakuniuliza. Baada ya miezi michache bosi akanipa mimi usimamizi, kwa kuwa eti nilijua kompyuta na Kiingereza changu kilikuwa kizuri. Nikaupokea. Eish, nikaupokea na mkono nikampa. Naandika haya masikio yanawaka moto.

Kazi ya kwanza ya kusaini mimi ilikuwa shule moja, juu Berea, si mbali na chumba changu. Ami alikuwa ukutani, mimi kabatini, redio sikioni. Ila sasa alihesabu kwa Kiingereza. Nilimjibu "Iko" mara ya kwanza na ya pili, hakuifuata, nami nikaiacha.

Tulipomaliza akashuka. Nikaweka fomu juu ya boksi la vifaa.

"Yote yako sawa, Ami? Maana wewe nakuamini."

Akanipa testa mkononi. "Usiniamini, mwanangu. Panda ukapime."

Nikapanda. Nikachomeka, nikashuka kutazama paneli, nikapanda tena, tundu moja moja, yeye amekaa chini anasubiri. Yote yalikuwa sawa. Niliporudi nikiwa nahema, nikajipapasa mifuko, sikuwa na cha kuandikia. Ami akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akanipa kalamu. Ilikuwa ile ile ya rangi ya fedha.