Sindano ya Juu na Sindano ya Chini

Nimechomwa sindano mbili za ganzi zinazostahili kuandikwa. Ya kwanza ilichomwa kwenye kinena, goti la kulia lilipobadilishwa. Ya pili ilishushwa katikati ya paja, upande wa ndani, zamu ya goti la kushoto ilipofika. Zote zilinipunguzia maumivu baada ya upasuaji. Ila moja ilinianika uchi mbele ya mama mkwe.

Mtaalamu wa ganzi wa kwanza, katika hospitali moja ya Voi, alikuwa bwana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko akili yake. Nimefundisha sayansi Mwatate miaka mingi, kwa hiyo nilimuuliza dawa ile inazima mishipa gani. Akacheka.

"Mzee, wewe lala tu. Hutasikia kitu."

Kweli sikusikia kitu. Paja zima lilikuwa gogo, wala hakuna aliyenieleza kwamba sindano ya pale juu huzima maumivu pamoja na nguvu za msuli unaonyoosha goti. Nikadhani kutoumwa ndiko kupona. Mwalimu wa sayansi mzima!

Kesho yake mama mkwe akaja kutoka Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Kwetu mwanamume hapokei mama mkwe akiwa amelala, na mama mkwe naye hamgusi mkwe wake. Nilipomwona mlangoni niliinuka haraka kumpa heshima yake. Mguu ukakunjika. Nikaanguka chali, na lile gauni la hospitali, ambalo bila shaka lilishonwa na mtu asiye na wakwe, likafunguka lote. Mshono ukaanza kuvuja damu, nikapiga kelele. Yeye akageuka, akaenda zake.

Kwa miaka miwili hakukanyaga nyumbani kwetu. Mke wangu alikuwa akienda kumwona peke yake, anarudi na mihogo na salamu fupi. Niliamini kwamba ananidharau, nami nikamdharau kwa bidii. Nilimwita malkia wa Kasigau, mwenye moyo mkavu kama ufito, mke wangu akiwa hayupo. Goti la kushoto lilipokataa kazi, nilitaka jambo moja tu: mama yule asimame mlangoni tena, anikute wima.

Safari hii mtaalamu wa ganzi alikuwa binti mdogo. Nilimdharau kabla hajafungua mdomo. Akachora paja langu kwa kalamu na kunionyesha.

"Nikidunga hapa chini, mwalimu, msuli wa paja unabaki na nguvu. Nyuma ya goti unaweza kuumwa kidogo. Na bado usisimame bila nesi."

Yalikuwa maelezo ya dakika mbili. Yule wa viatu alininyima hata hayo, na mpaka leo nikikutana naye sokoni simsalimii. Nyuma ya goti paliniuma kama binti alivyosema, nikameza vidonge nikanyamaza.

Mama mkwe akaja. Nadhani mke wangu alimlazimisha. Nilikuwa nimevaa magauni mawili, moja limefunguka mbele na jingine nyuma, nesi yuko kando, mikono yangu kwenye fremu ya kutembelea. Nikasimama. Mguu ukanibeba. Nikamkazia macho usoni, jambo ambalo si adabu hata kidogo, nikingoja aone aibu.

Alikuwa analia.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Ile siku ulianguka nilitaka kukuinua. Nikakumbuka wewe ni mkwe, nikaogopa kukushika. Nilitoka nje nikisikia vile unalia. Tangu hiyo siku naona haya kuja kwako."

Miaka miwili mizima nilikuwa nimemchukia mtu aliyekuwa akijichukia kwa ajili yangu. Nikakaa. Akatoa leso mabegani, akaitandaza juu ya magoti yangu, kisha akaacha mikono yake palepale.