Kalavati la Makambako

Mwaka ule tulikuwa watano, wote tumetoka chuo juzijuzi, na tulichukuliwa Njombe kujifunza utafiti wa mitandao: jinsi ya kujenga mtandao ambao hata radi ikipiga, umeme ukikatika au nguzo ikianguka, bado unaendelea kufanya kazi. Aliyetufundisha tulimwita Dokta. Alikuwa mtu mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya chini, na katika miezi tisa sikumsikia akiipandisha hata mara moja. Hakuhitaji.

Darasa letu lilikuwa nyumba ya kupanga kando ya mashamba ya chai. Chumba kimoja kilikuwa na mitambo halisi, iliyounganisha zahanati kadhaa na hospitali moja ili majibu ya vipimo yafike bila mtu kupanda gari. Chumba kingine kilikuwa na mashine za mazoezi. Kila asubuhi, kabla hatujavua makoti, Dokta alikuwa ameshaharibu kitu katika hizo za mazoezi. Alichomoa waya, au alibadilisha namba moja tu katika mamia, kisha akasimama nyuma yetu na saa yake. Wa mwisho kugundua alisimama wima hadi saa sita mchana, na sisi wengine tulikatazwa kumsemesha.

"Mfumo haubembelezwi," alitwambia. "Unavunjwa, ndipo unajulikana."

Mwezi wa pili mwenzetu mmoja aliyekuwa na homa alianguka akiwa amesimama hivyo. Dokta aliinama, akamtazama usoni, akasema tuandike dakika aliyoanguka. Tuliandika.

Kati yetu alikuwepo dada mmoja kutoka Matamba, mtoto wa wakulima wa viazi. Alizungumza polepole, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kikinga ambayo Dokta alipenda kuiigiza mbele yetu. Tulicheka. Mimi nilicheka kuwashinda wote, kwa sababu mama yangu naye ni Mkinga na sikutaka ijulikane.

Kazi ya dada huyo ilikuwa kuandika kila mara mtandao ulipokatika kati ya Njombe na Makambako, na kutafuta sababu. Sisi tulifanyia kazi zetu kwenye kompyuta, miguu kando ya jiko la mkaa. Yeye kila Jumanne alikwenda Makambako, akatembea kwenye upepo ule unaochuna uso, akifuata njia ya mkongo, ule waya mkuu wa mtandao, nguzo kwa nguzo, akiwauliza walinzi, mafundi wa barabara na mama lishe wameona nini. Alirudi na viatu vyenye matope, na Dokta akamwambia avivue nje kama mtoto.

Siku moja alinivuta barazani, akanionyesha picha kwenye simu yake.

"Kaka, hebu tazama. Hii ni mikongo yetu yote miwili."

Inabidi nieleze. Sifa kubwa ya Dokta ilikuwa kwamba mtandao wake ulikuwa na njia mbili: mkongo mkuu, na wa akiba unaopita kwingine, ili mmoja ukikatika mwingine ushike kazi. Ndicho alichowaeleza wageni wote. Katika picha, mikongo hiyo ilipita pamoja, bega kwa bega, ndani ya bomba moja chini ya kalavati moja Makambako. Jembe la mtu mmoja lingeweza kuikata yote kwa mkupuo.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

"Nitaionyesha siku ya wageni, kila mmoja akieleza kazi yake. Si ndiyo kazi tuliyoitiwa?"

Alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu ndani ya nyumba ile. Saa moja baadaye niligonga mlango wa Dokta nikamweleza kila kitu. Kulikuwa na nafasi moja tu ya kuendelea na masomo ya juu, na Dokta ndiye angeitoa.

Dokta alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Vizuri. Tutampa zoezi. Asubuhi ya wageni utafuta mafaili yake kwenye seva, na diski yake ya akiba utaiondoa kwenye droo uniletee."

"Tutamrudishia baadaye?"

"Wewe futa."

Nilifuta, na diski nikampelekea. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za viatu.

Alisimama mbele ya wageni akiwa amevaa sketi aliyoiazima. Mimi ndiye niliyeshika projekta. Alifungua folda, akaikuta tupu. Akaenda kwenye droo, akaivuta, akaisukuma, akaivuta tena. Kisha akaanza kueleza kwa mdomo, na kadiri alivyohangaika ndivyo lafudhi ilivyozidi.

"Ushahidi uko wapi?" Dokta akamuuliza kwa upole.

"Nilikuwa nao, Dokta. Hata picha ninazo kwenye simu."

"Picha ya kalavati." Dokta aliwageukia wageni. "Makambako ina makalavati mengi." Wakacheka. "Binti, miezi mitano unasoma namna mifumo inavyostahimili hasara, na wewe mwenyewe hukuweka nakala?"

"Niliweka."

"Iko wapi?"

Alizungusha macho chumbani, yakanifikia, yakakaa kwangu kidogo. Nikainama kurekebisha waya ambao haukuwa na tatizo. Jioni hiyo alipewa barua kwamba hana uwezo wa utafiti, na asubuhi alipanda gari la Makete, kurudi kwao. Hakuna aliyemsindikiza stendi.

Masika yalipokuja, greda lililokuwa likizibua mtaro Makambako lilikata mikongo yote miwili. Zahanati zilikaa siku mbili bila majibu. Dokta hakubabaika. Muda si mrefu akatoa andiko la kitaalamu kuhusu hatari ya njia mbili kupita mahali pamoja, lenye vipimo vya kalavati, tarehe za kila Jumanne, hata maneno ya mama lishe. Diski haikupotea, kumbe. Jina la Dokta lilikuwa la kwanza, langu la pili. Nilipata ile nafasi.

Yule dada nilimwona tena baada ya miaka mitatu. Nilikuwa nimewapeleka vijana niliokuwa nikiwafundisha pale kwa Dokta kwenye shule moja ya Makambako, tuone mtandao uliofungwa vizuri. Fundi alikuwa yeye, juu ya ngazi, koleo mkononi. Niliwatuma vijana wakanywe chai, nikabaki chini ya ngazi.

"Dada, mafaili yale ni mimi niliyeyafuta."

"Najua." Hakuacha kukaza skrubu. "Seva iliandika jina lako na saa. Niliona mchana uleule."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Yeye?"

Nikamwomba msamaha. Alishuka taratibu, akajifuta mikono.

"Nimeshakusamehe, maana kanisani nashiriki meza ya Bwana na siwezi kwenda pale na wewe moyoni. Ila usije tena kazini kwangu."

Alisema hivyo bila hasira, ndiyo sababu niliumia.

Nilipofika Njombe niliandika barua kwa wahariri waliochapisha lile andiko, nikaomba jina langu liondolewe na la dada yule liwekwe. Walijibu kwa heshima. Walitaka nakala za awali za mtafiti huyo. Dokta aliulizwa, akasema hajui ninachozungumzia, kisha akanipigia simu kwa sauti yake ileile ya chini: "Umechoka, pumzika kidogo." Mkataba wangu haukuongezwa muda. Sasa nafundisha kompyuta katika shule ya sekondari huku nyumbani, na andiko bado lipo, na majina ni yaleyale mawili.