Pasi za Namba Saba

Ljubinka Perišić alikuwa na jicho ambalo hata waamuzi waliliogopa. Kwa miaka ishirini na mbili alikaa kwenye meza ya takwimu katika ukumbi wa michezo wa mji wetu, mji wa viwanda vilivyofungwa kando ya mto Morava kule Serbia, akitazama mpira wa kikapu na kutaja kwa sauti kila kilichotokea: nani kafunga, nani kapoteza, nani katoa pasi. Pembeni yake Živko, mwalimu wa hisabati, alibonyeza kwenye kompyuta kile alichotajiwa. Siku za kazi Ljubinka alikuwa karani wa posta. Jumamosi alikuwa hakimu, na hakimu mwenye mkono mgumu hasa.

Ugumu wake ulikuwa kwenye pasi. Pasi inayozaa kikapu huandikwa kwa jina la aliyeitoa, na kila nchi ina ukarimu wake. Kule Marekani, kwenye mechi za vyuo, mtu akikutupia mpira, ukaudunda mara tatu, ukamzunguka mlinzi, ukafunga, bado aliyekutupia anapewa sifa. Kwetu mfungaji akidunda mara moja tu, ile pasi imekufa. Na Ljubinka alikuwa bahili kuliko meza zote za ligi. Wachezaji walimnunia, mama zao walimsema sokoni, naye aliwajibu kwamba anayetaka zawadi angoje siku yake ya kuzaliwa.

Sasa donge lake. Marehemu mume wake alicheza timu moja na Radisav Tanasković, na huyo Radisav alikula nyumbani kwa Ljubinka kila slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo, miaka nenda rudi, akimwita shemeji. Baadaye Radisav alipata kazi ya kusaka vipaji kwa klabu moja ya Marekani, akaanza kuvaa koti refu na kuongea polepole. Mwaka aliorudi kuangalia vijana wetu, Ognjen, mtoto pekee wa Ljubinka, alikuwa na miaka kumi na minane, na kocha alikuwa akimpa dakika tisa kila mechi. Dakika tisa katikati ya wanaume wenye ndevu na watoto watatu watatu, wanaokuchoma kiwiko mbavuni huku wakikuuliza mama hajambo. Kwa mpira wa huku, kijana wa umri ule akikosea na kocha akamwacha uwanjani, hicho ndicho kipimo. Pointi zitakuja zenyewe. Radisav alilijua hilo vizuri, maana alizaliwa humu humu.

Lakini siku ile mkahawani, timu nzima ikiwa mezani, alipoulizwa habari za Ognjen alicheka.

"Dakika tisa, pointi tatu," alisema. "Jamani, nina kijana wa chuo kule anafunga ishirini na moja akiwa na mafua. Huyu wa shemeji mtafutieni lori aendeshe. Mikono anayo."

Watu walicheka, kwa sababu rakija, pombe kali ya matunda, ilikuwa imelipiwa na Radisav. Ognjen alikuwa amesimama mlangoni, na alisikia lote. Kabla mwezi haujaisha aliacha mazoezi, akaenda Austria kubandika vigae, na tangu hapo hajashika mpira hata wa kuchezea na mwanawe. Na yule wa pointi ishirini na moja? Alikuwa amezoea kucheza na wanafunzi wenzake. Alipokutana na watu wazima kwa mara ya kwanza, na miaka yake ishirini na mbili, alidumu misimu miwili, akaachwa. Ljubinka alifuatilia kila mechi yake. Siku kijana alipoachwa, Ljubinka alinunua keki nzima akaila peke yake. Haikumtosha, maana aliyemtaka alikuwa Radisav.

Alingoja miaka kumi na minne. Katika miaka hiyo mambo yaligeuka. Vijana kutoka huku walivuka bahari wakawatoa jasho wale wa vyuoni, na waliokuwa wakicheka wakaanza kuja kwa foleni. Radisav, aliyekuwa ameungua mara tatu kwa vijana wa vyuo, aligeuka kuliko wote. Alirudi msimu wa majani kuanguka, akakaa mkahawa ule ule, akahubiri kinyume cha aliyoyahubiri zamani, bila aibu hata chembe.

"Wa vyuo siku hizi siwaamini," alisema. "Namba zao zimejaa upepo. Za huku nazisoma kwa kuongeza. Meza zetu ni bahili, kwa hiyo pasi moja naihesabu moja na nusu." Alimwona Ljubinka akiingia na Živko, akanyanyua glasi. "Na meza ya huyu hapa ndiyo bahili kuliko zote. Shemeji, ukiandika nne, mimi nasoma sita."

Ljubinka alitabasamu. "Karibu nyumbani, shemeji. Umekonda."

Laiti Radisav angelijua tabasamu lile, angepanda basi la kwanza. Klabu yake ilikuwa na nafasi moja tu, na ilisitasita kati ya kijana wa chuo kimoja cha kusini na mmoja wa vijana wetu wawili wanaopanga mashambulizi. Namba saba alikuwa Strahinja, mtoto wa ubatizo wa mkurugenzi wa timu: mrefu, mzuri wa sura, mwenye mazoea ya kutupa jicho jukwaani kabla ya kutoa mpira. Namba tisa alikuwa Vukašin, mwembamba mwenye masikio makubwa, mtoto wa Dobrila mpishi wa shule. Vukašin alikuwa akimwona mwenzake yuko wazi kabla mwenyewe hajajua. Kila mwenye macho pale ukumbini alijua nani ni nani.

Jumamosi iliyofuata, dakika ya nne, Vukašin alipenyeza mpira katikati ya walinzi wawili, mwenzake akaudaka chini ya kikapu, akafunga.

"Saba, pasi," Ljubinka alitaja.

Vidole vya Živko vilisimama. "Ilikuwa tisa."

"Saba."

"Ljubinka, nimeiona kwa macho yangu."

"Macho yako mwaka jana yalikwambia mkeo kaenda kumsalimia dada yake. Andika saba."

Živko aliandika. Na baada ya ile ya kwanza zilizofuata zilikuwa rahisi. Mfungaji akidunda mara mbili, saba alipewa. Strahinja akisimama jirani tu na mpira ulipopita, alipewa. Mpaka theluji inaanza kuanguka alikuwa na wastani wa pasi saba kila mechi, na Radisav, kwa hesabu yake ya kuongeza, alisoma kumi na nusu. Hakuna wa chuo aliyefika hapo. Vukašin alikuwa na moja.

Maana pasi haitengenezwi kwa hewa. Ili amnenepeshe mmoja ilibidi amnyang'anye mwingine, na simsafishi Ljubinka: tangu siku ya kwanza alijua anazitoa kwa nani. Alijiambia kwamba mtoto wa Dobrila bado ni mdogo, msimu ujao atamrudishia.

Klabu ilimwacha yule wa chuo, ikamchukua Strahinja. Kufikia Februari ya mwaka uliofuata habari zilikuwa zimetufikia sote. Strahinja alikuwa akitazama jukwaa la watu elfu kumi na nane badala ya mia tisa, na mpira ulikuwa ukimtoka mikononi. Walipomshusha ligi ya chini na huko nako akashindwa, wakubwa waliuliza huyu aliletwa na nani. Radisav alirudi mjini na masanduku mawili, akahamia kwenye chumba cha mama yake aliyekwisha kufa. Hakuna klabu iliyopokea tena simu yake.

Ljubinka alimkuta mkahawani siku ya mnada, watu wamejaa. Alimsogelea na kusimama mbele ya meza yake, mkoba kifuani.

"Shemeji, posta wanatafuta dereva wa lori," alisema kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. "Nimekutaja. Nimewaambia mikono anayo."

Mkahawa mzima uliangua kicheko, na safari hii hakuna aliyekuwa amelipiwa kinywaji. Radisav alitazama kikombe chake. Ljubinka alitoka akiwa mwepesi, akatembea hadi kwake bila kuhisi baridi. Ilikuwa tamu, na yeye mwenyewe asingekwambia vinginevyo.

Utamu ule ulidumu siku tisa. Siku ya kumi Dobrila alikuja posta na mkate wa moto uliofungwa kwa kitambaa, akangoja foleni iishe.

"Jirani, nimekuja kukushukuru," alisema.

"Kwa lipi?"

"Kuna chuo Marekani kilimwandikia Vukašin. Kusoma bure na kucheza. Walitaka namba zake za msimu uliopita tu. Walipoziona wakajibu kwa adabu kwamba asante, mtu wa kupanga mashambulizi mwenye pasi moja hawamhitaji." Dobrila alipangusa kaunta kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Amelia siku tatu. Ananiambia, mama, mimi pasi nazitoa, nazihesabu mwenyewe kichwani. Nikamwambia, mwanangu, kila mtu hujiona mkubwa. Ljubinka hajawahi kumpendelea mtu wala kumdhulumu mtu. Akisema moja, ni moja. Basi akaamini. Ameuza viatu vya mpira. Jumatatu anaanza kiwanda cha nyama. Bora ameujua ukweli mapema kuliko kupoteza miaka."

Ljubinka alifunga dirisha la kaunta saa moja kabla ya wakati, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikwenda moja kwa moja kwa Radisav. Alimkuta amevaa koti ndani ya nyumba, akamwambia yote akiwa amesimama: ya saba, ya tisa, ya Živko.

Radisav alifunga vifungo vya koti.

"Nilimwona yule wa tisa," alisema. "Mechi ya kwanza tu nilimwona. Nikafungua karatasi yako, ikasema saba. Nikajiambia, Radisav, umezeeka, shemeji hakosei."

"Sikuombi msamaha. Wewe nilikukomoa, na ningekukomoa tena hata kesho."

"Najua."

"Nataka upige simu kwenye kile chuo. Waambie ulichokiona kwa macho yako. Watu unao."

"Nilikuwa nao." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Ljubinka zaidi. "Sasa wakisikia jina langu wanakata. Hiyo kazi umeifanya vizuri, shemeji. Alikuwepo mtu mmoja tu wa kumsemea yule kijana kule, na umeshamziba mdomo."

"Nitawaandikia mimi."

"Utawaambia nini? Kwamba meza iliyodanganya mwaka mzima leo inasema kweli?" Radisav alijivuta koti. "Mimi lile langu nililisema mbele za watu, mtoto mwenyewe akisikia. Baya, lakini alijua nani kamtenda. Huyu wa Dobrila anadhani kajitenda mwenyewe."

Ljubinka hakuaga. Nyumba ya Dobrila ilikuwa ghorofa ya tatu, na alipanda akipumzika kila ngazi ya tano. Dobrila alifungua mlango mikono ikiwa na unga, akamkaribisha jikoni, naye akasema yote kabla hajavua kitambaa cha kichwa, asije akapata nafasi ya kusema nusu.

Dobrila alisikiliza hadi mwisho. Hakumtukana, hakupaza sauti. Alifungua bomba, akanawa mikono, akaikausha kidole kimoja kimoja.

"Mimi usiniambie," alisema. Kisha akageukia mlango wa chumba. "Vukašin, njoo huku. Ljubinka wa posta amekuja kukwambia pasi zako zilikwenda wapi."

Kijana alitoka, akamsalimia kwa adabu, akamvutia kiti.