Msimu Mama Aliposimama Golini

Nyumba yetu ya Ngokolo ilinukia chuma kilichoungua, kwa sababu Baba alikuwa fundi wa kuchomelea na karakana yake ilikuwa hapo hapo uani. Mwaka niliokuwa darasa la nne ikaingia harufu nyingine, ya dawa ya kuchua misuli, kali kiasi cha kukutoa machozi ukiinama karibu na miguu ya mtu aliyejipaka. Miguu hiyo ilikuwa ya Mama. Alikuwa amerudi masomoni ukubwani, katika chuo kimoja cha ualimu pale mjini Shinyanga, na darasani kwake hakukuwa na aliyemkaribia kwa umri. Wenzake walimwita Mama Kabula, kwa jina langu, na wale wa Kisukuma walimwita Mayu, yaani mama, kama tulivyomwita sisi nyumbani. Hakuna aliyewaza, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, kwamba ndiye angekuwa kipa wa timu ya wanawake ya chuo.

Ilianza kwa bahati tu. Nikitoka shule nilikuwa nampitia Mama chuoni ili turudi wote nyumbani, na njia yetu ilikatiza kando ya uwanja. Siku hiyo timu ilikuwa mazoezini. Nahodha wao, Rehema, msichana mfupi mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani, aliupiga mpira ukapaa juu ya goli na kuja moja kwa moja usoni kwangu. Mama alikuwa amekumbatia madaftari kwa mkono wa kushoto. Akanyoosha wa kulia, akauzuia mpira, akaubana kifuani pamoja na madaftari yake, na hakuna hata karatasi moja iliyoanguka. Mwalimu Tungaraza, kocha wao, mtu mwembamba aliyezungumza kila wakati kama ametoka kukimbia, alikuja mbio.

"Mama Kabula, umewahi kudaka?"

"Nimewahi kudaka mbuzi tu, mwalimu."

"Basi huu hauna hata pembe. Njoo kesho."

Nyumbani Baba aliisikiliza habari hiyo huku akimega ugali. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Mama Kabula, una watoto wawili," alisema. Mama akamjibu kwamba anawajua, kwa kuwa aliwazaa yeye. "Na hiyo bukta, mbele za watu?" Mama akasema kipa anaruhusiwa suruali ndefu. Baba akasema wazi kwamba asitegemewe kwenda kutazama. Mechi ya kwanza ilichezwa hapo hapo chuoni na tulifungwa manne bila. Mama alirudi na vumbi hadi kwenye kope, akaloweka miguu kwenye beseni, nami nikaamini mambo yameishia hapo. Asubuhi yake jua likichomoza akanitikisa. "Kabula, amka unipigie mipira."

Tulitumia uwazi nyuma ya karakana, na goli letu lilikuwa nafasi kati ya mageti mawili mapya yaliyosubiri wenyewe waje kuyachukua. Nilipiga kwa nguvu zangu zote, na kila mpira uliokwenda kombo uligonga geti kwa kishindo cha kuamsha mtaa. Mama alikuwa na mtihani karibu, kwa hiyo alikariri huku akidaka. "Piga! Malengo ya somo yawe yanapimika. Piga tena, juu kidogo! Zana za kufundishia..." Hapo angeruka, atue chini kwa ubavu, kisha ainuke na kuendelea na zana za kufundishia. Siku ya nne Baba alitoka na mswaki mdomoni. "Jamani, hayo mageti ni ya watu!" Tukaenda zetu, yeye chuoni na mimi shuleni. Tuliporudi jioni tulikuta nyuma ya karakana limesimama goli kamili la mabomba ya chuma, limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, bado mbichi. "Nimechoka mageti ya watu kupigwa," Baba alisema bila kututazama, akaendelea kukusanya vifaa vyake. Mama alitembea kutoka nguzo hadi nguzo akihesabu hatua, akaona vipimo ni sawasawa na vya uwanjani, akacheka mpaka akakaa chini.

Baada ya hapo hatukushikika. Tuliwafunga Kahama kwao. Tukatoka sare na timu iliyotufunga manne, tena Mama alipangua mpira wa mwisho kwa goti, goti lenyewe likavimba kama boga. Chuo kizima kilianza kuimba jina langu, maana kumwita yeye ilikuwa kuniita mimi. "Mama Kabula! Mama Kabula!" Nilitembea shuleni kama mwenye cheo. Nilijua majina ya wachezaji wote, nani anatumia mguu wa kushoto, nani huogopa mpira wa kichwa. Usiku niliota kona.

Fainali ya mashindano ya vyuo ikapangwa Bugarama, dhidi ya chuo kutoka upande wa Geita. Baba alikuwa tayari huko kwa siku mbili, ameitwa na wachimbaji wadogo kutengeneza karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Alipoondoka hakutaja mechi. Uwanja ulizungukwa na wachimbaji waliotoka kazini, vumbi jeupe vichwani, wengine wamepanda juu ya malori. Dakika za mwanzo tu, mpira mwepesi kabisa ulimfikia Mama, ukampita katikati ya mikono na kutambaa hadi wavuni. Kicheko kilichopasuka pale bado nakisikia. "Mayu, rudi ukasonge ugali!" kijana mmoja alipayuka. Nilianza kulia. Nikageuka kumtafuta aliyesema, na nyuma yake nikamwona Baba, na ovaroli lake la grisi, spana ingali mkononi.

"Huyo ni mke wangu," Baba alimwambia, taratibu kabisa.

"Samahani, mzee."

"Usiombe samahani. Tazama."

Alinishika mkono, tukapita katikati ya watu hadi nyuma ya goli. Mama alituona. Baba hakupunga mkono wala kutabasamu, alimpigia kelele moja tu, kubwa, ambayo sikujua kama anayo: "Njoo mbele kidogo! Unakaa sana kwenye mstari!" Mama akasogea mbele. Tangu hapo hakuna kilichopita. Alidaka, akapangua, akajitupa miguuni kwa washambuliaji, na wale waliocheka wakaanza kushangilia kila akigusa mpira. Karibu na mwisho Rehema akasawazisha kwa kichwa, yeye na ufupi wake. Zikaja penalti. Mama aliokoa ya tatu kwa kiganja, na ya tano ikampiga kifuani kwa kishindo tulichokisikia, akaanguka juu ya mpira na kuukumbatia. Rehema akapiga ya kwetu ya mwisho. Ikaingia! Baba aliniinua juu kwa mikono ya grisi, gauni langu la kanisani likaharibika lote, na hakuna aliyejali. Safari ya kurudi alipanda basi la chuo pamoja nasi, wanachuo wakimwita shemeji na kumlazimisha aimbe.

Leo mimi ni mwalimu huko Runzewe, na nina timu yangu ya wasichana. Wanavaa jezi zenye majina mgongoni, wazazi wao huja kutazama na kubishana na mwamuzi. Mama amestaafu na goti lile humsumbua msimu wa mvua, ila akija kututembelea hukaa nyuma ya goli letu na kumkosoa kipa bila huruma. Wakati mwingine nawasimulia wasichana wangu kwamba kulikuwa na siku wanaume wazima walimcheka bibi huyu kwa sababu tu alisimama golini. Hutazamana, kisha huniuliza kama nawatania. Zamani nilikuwa nawabishia, nataka waelewe ilivyokuwa. Siku hizi nawaacha wasiamini.