Kisima Kiwe Mkono wa Kulia

Attracta Durkan alisambaza barua kwa baiskeli miaka thelathini na minne katika parokia yetu ya Kilneasa, na hakuna mbwa wa huku aliyemng'ata mara mbili. Lakini ukimwuliza anajivunia nini maishani, barua hatazitaja. Atakutajia kisima. Tangu akiwa na miaka saba, kila Jumapili ya mwisho ya Julai alivua viatu akakizunguka kisima cha Mtakatifu Neasa mara saba, na mama yake alipofariki, yeye ndiye aliyeshika nafasi ya kutangulia mbele ya watu. Mwaka aliovunjika mkono alikuwepo. Mwaka kaka yake alipozikwa Ijumaa, Jumapili alikuwepo. Sasa ana miaka sabini na mbili, goti la kushoto limeanza ukaidi, na bado alikuwa akikisafisha mwenyewe kwa ndoo na brashi wiki nzima kabla ya siku yenyewe, huku akiwafokea kondoo.

Si kisima cha kumtisha mtu. Ukipita kwa gari hutajua umekipita. Maji yake yanajaza beseni mbili, kando yake kuna mti mfupi wa miiba uliofungwa vitambaa vya watu na shida zao, na chini ya mti kuna jiwe bapa. Unaokota kokoto saba. Kila mzunguko unasali Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe, kisha unaweka kokoto moja juu ya jiwe. Unakwenda jua linavyokwenda, kisima kikiwa mkono wako wa kulia. Tunavyosimulia sisi, watu walikuwa wakizunguka pale kabla hata bibi yake Neasa hajazaliwa, na wao pia walifuata jua. Attracta hakuwahi kumweleza mtu anapata nini pale. Aliwaona wakifika mabega yamepanda hadi masikioni na kuondoka yameshuka, basi, hilo lilimtosha.

Kuzunguka kwa kushoto nako kuna kazi yake, na kila mtu Kilneasa anaijua. Anayekwenda kushoto anamlaani mtu. Babu yake Packy Mulroy alifanya hivyo mara moja, kwa ajili ya karani wa mwenye ardhi aliyewatoa watu kwenye nyumba zao wakati wa baridi, na mwezi haukwisha kabla karani yule hajatupwa mtaroni na farasi wake. Tena laana isipopewa jina la mtu wa kumwendea, humrudia aliyeongoza msafara. Haya si mambo ya kubishana huku kwetu. Hata padri hayagusi.

Sasa mwone Colm. Ni mtoto wa kaka yake Attracta, na Attracta ndiye aliyemlea tangu ana miaka tisa. Leo ana thelathini na minane, ana ng'ombe sitini wa maziwa, na ni mwenyekiti wa kamati ya kijiji. Kamati ilipata msaada wa kutengeneza njia. Wakaja na tingatinga dogo, wakaufunika kwa changarawe ule ujia uliolainishwa na nyayo za wazee wetu wote, wakasimamisha ubao wenye mshale. Attracta alikwenda kuutazama ubao, akarudi nyumbani, akaweka birika jikoni, akamwita Colm.

"Colm, mshale wako unaelekea wapi?"

"Kushoto, Shangazi. Maegesho yako upande ule. Watu wakizungukia kulia watagongana na wanaoshuka kwenye basi."

"Wagongane."

"Shangazi, ni mshale tu."

"Nimesikia unaleta Wamarekani arobaini kutoka Ohio. Unawaleta wamlaani nani? Nitajie, nijue wa kumwombea."

Packy Mulroy, jirani ambaye hakosi kuwa jikoni kwa Attracta mkate ukitoka kwenye oveni, alinyoosha kidole chenye siagi. "Kama hamna mtu, mimi ninayo majina mawili matatu."

"Wewe kula mkate!" Attracta akamkata.

"Kwani mtakatifu anatembea na dira?" Colm alisema. "Mungu anaangalia moyo, Shangazi. Ulinifundisha mwenyewe."

"Nami nauangalia. Moyo wako umeuegesha pale pale na mabasi."

Packy alicheka hadi akapaliwa na chai. Colm hakucheka. Alisema kamati imekwisha kupiga kura, na ubao utabaki ulivyo. Hapo Attracta akasimama, goti na yote, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Basi siku mtakayozunguka kushoto, mimi na kisima tumeachana. Mguu wangu hautakanyaga pale tena mpaka nizikwe."

Neno lilipomtoka tu, likamchoma. Lakini akina Durkan hawarudishi neno mdomoni, na aliyelisema alilijua hilo kuliko wote. Juni ikapita, Julai ikaja. Wiki ya usafi ndoo yake ilikaa mlangoni kavu. Mara mbili alijikuta ameishika bila kujua, akaiweka chini kwa hasira.

Jumapili yenyewe alivaa gauni lake la kisima kwa sababu hakuwa na moyo wa kuvaa jingine, akaketi kwenye dirisha linalotazama kisima. Mvua ya rasharasha ilikuwa ikianguka. Basi likafika. Akawaona watu wakishuka na makoti ya kila rangi, na Colm mbele yao ameshika kibendera cha kijani. Akageuza kiti kikatazama ukuta.

Mlango ukabishwa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, miwani imejaa matone ya mvua, ngumi ameifumba.

"Samahani, dada yangu. Naitwa Marlene. Mzee mmoja pale nje ameniambia, ukitaka kujua habari za kisima, gonga hapa." Akafumbua ngumi. Ndani mlikuwa na kokoto moja ya kijivu, imelainika kwa kushikwashikwa. "Mama yake bibi yangu alitoka parokia hii. Aliondoka na hii mfukoni. Alipokaribia kufa alimpa binti yake akamwambia, siku mtu wetu akienda, kisima kiwe mkono wa kulia. Tumeambiana hivyo wanawake wanne. Sasa nimefika, ubao unasema kushoto. Nikaona bora niulize kuliko kukosea."

Attracta aliitazama kokoto ile. Wanawake wanne, ng'ambo ya bahari, watatu wao wamezaliwa huko huko, na walikuwa wameshika sawasawa. Alijisikia mrefu kama mnara wa kanisa.

"Wameshaanza?" aliuliza.

"Wanajipanga. Yule kijana wa bendera ndiye atakayeongoza."

Ataongoza. Wamarekani arobaini, laana isiyo na jina, na mbele yao Colm, ambaye yeye Attracta alimfunga kamba za viatu miaka mitatu mizima kwa sababu mtoto hakutaka kujifunza. Attracta aliinama akavua viatu vyake palepale kizingitini.

Alipanda ngazi ya ukuta wa mawe uliotenga nyumba yake na kisima, Marlene akimshika kiwiko, akaingia kwenye changarawe. Ilimkata nyayo. Hakupunguza mwendo. Umati ulikuwa umesimama mbele ya mshale, umelowa, na Colm alikuwa akihutubia. Alikuwa ameshaeleza habari za Neasa, za mti, za njaa kuu, na sasa alikuwa ameingia kwenye historia ya ng'ombe wa wilaya. Packy, aliyekuwa amesimama pembeni ya umati, alimnong'oneza Attracta, "Dakika ishirini na tano. Hajainua hata mguu."

"Colm," Attracta akaita. "Hotuba imekwisha?"

Colm aligeuka. Uso ulikuwa mweupe kama maziwa ya ng'ombe wake. "Ilikuwa imebaki kidogo, Shangazi."

"Kuna aliyepiga hatua ya kushoto?"

"Hakuna. Hata mmoja."

"Basi siku niliyoitaja haijafika. Neno langu liko palepale, na mguu wangu una ruhusa. Toka njiani."

Akaokota kokoto saba. Akajipanga kisima kikiwa mkono wake wa kulia, akaanza Baba Yetu kwa sauti ileile iliyokuwa ikisimamisha mbwa. Nyuma yake Marlene alivua viatu, kisha mwingine, kisha wote, wakija wakiruka juu ya changarawe na kuugulia, Packy akiwapigia Salamu Maria kwa nguvu ili wasisikie maumivu. Mzunguko wa saba Marlene aliiweka ile kokoto ya kijivu juu ya jiwe na hakuondoa mkono kwa muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Attracta alipoinua macho, Colm alikuwa kwenye ubao, peku, matope hadi vifundoni, anafungua skrubu za mshale.

"Hiyo bisibisi umeitoa wapi?" alimwuliza.

"Mfukoni."

"Tangu lini?"

Colm aliendelea kukaza macho kwenye skrubu. "Tangu asubuhi, Shangazi. Nilikuwa nakungoja."