Ndururu Niliyonunuliwa Nayo

Ukishika ndururu kuukuu kwa muda, kiganja hunuka shaba na jasho. Harufu hiyo ilinikuta juzi pale Diani, kwenye meza ya mama mmoja anayewauzia watalii sarafu za kale: rupia za fedha, pesa zenye picha ya mizani, na pembeni ndururu, senti tano za mkoloni, zenye tundu katikati na pembe za ndovu zikilizunguka. Aliniuliza nitachukua ngapi. Nilitahayari, nikaondoka bila kuaga.

Ngojeni niwaeleze. Mimi nililelewa Bodo, na utotoni nilivaa ndururu shingoni, imetungwa kwa uzi mweusi. Walionitangulia kuzaliwa walikufa wote kabla ya kuota meno. Kwa hiyo nilipozaliwa, mama alifanya kama wenziwe waliofiwa hivyo: aliniweka jaani, juu ya vifuu na magamba ya samaki, akajitia kuondoka. Jirani yetu Bi Siti akaniokota, akatangaza kuwa ameokota chake, na mama akaninunua kwake kwa ndururu moja. Bi Siti akaitia uzi, akanivika. Maalimu wa chuo cha Kurani alinung'unika kwamba roho zi mikononi mwa Mungu. Mama na Bi Siti walimwitikia kwa adabu, wakaniacha nayo.

Niliipenda mpaka siku mwalimu wa historia alipotutaka tulete vitu vya kale. Aliiinua yangu darasani, akaeleza kuwa wazee wetu walizitunga kambani wakaenda nazo sokoni bila mfuko. Kichwa kilinivimba. Kisha akauliza zamani ndururu moja ilinunua nini. Mjukuu wa Bi Siti akanitangulia kujibu.

"Ilimnunua yeye, mwalimu. Jaani."

Darasa zima lilicheka, na mwalimu naye, Mungu amsamehe, aligeukia ubao mabega yakimtetema. Tangu hapo nikaitwa Ndururu. Jaa halikuniuma sana. Kilichoniuma ni bei. Nilijua mama alikuwa na rupia ya fedha ya mahari yake, ameifunga kwenye pindo la leso. Kwa nini hakunitolea hiyo?

Nilipotoka shule nilikwenda kwa Bi Siti, nikamwamkia, nikaiweka ndururu kwenye ungo wake wa mchele. Nikamwambia sitaki kuvaa bei yangu. Akaacha kupepeta.

"Mjukuu wangu, ukinirudishia hii, umerudi kuwa wangu. Wataka hivyo?"

Nilimjibu, kwa jeuri ya kitoto, kwamba ni heri.

Mama alipoiona shingo yangu tupu na kusikia nilikoipeleka, hakunigombeza. Alitoka kichwa wazi, pekupeku, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilipofika nyuma yake alikuwa amepiga magoti mbele ya Bi Siti, analia, akimwomba aniuze tena. Mwenye kovu usidhani kapoa, nami nilikuwa nimedhani. Alifungua pindo la leso, akatoa rupia. Bi Siti akamfumba vidole.

"Siyo hiyo, mwanangu. Siku ile jaani nilikukataza, na leo nakukataza. Ukitoa cha thamani, mauti yatajua una cha thamani. Toa ndururu."

Mama hakuwa nayo. Ndururu hazikuwa zikitumika tena sokoni, na hata ile ya kwanza aliitafuta nyumba hadi nyumba akiwa na mimba yangu. Basi Bi Siti akaiokota ileile kwenye mchele, akampa mama zawadi, mama akaipokea kwa mikono miwili, akamlipa nayo. Nikavishwa upya. Nilirudi nyumbani nikitazama chini, nikiona haya hata ya kumshika mkono.

Lililobaki nililielewa miaka mingi baadaye, nilipojifungua hospitalini Msambweni, nikampakata mwanangu siku ya kwanza na kujua ni kiasi gani ningemtolea. Siku ile ya kuninunua, mama alikuja jaani na rupia mkononi. Alitaka kunitolea kila alichokuwa nacho, akajikaza, akatoa ndururu, akakubali watu wamsikie akisema mimi sina thamani zaidi ya hiyo, ili nibaki.