Taa Niliyoizima kwenye Gari la Mwalimu

Fundi wa magari hapa Mikumi, kabla hajashika spana, huuliza swali moja: nani alilichezea gari hili? Hataki jibu. Ni namna yetu ya kubisha hodi. Unatikisa kichwa, unasikitika kidogo, unamsema fundi aliyekutangulia, na mwenye gari anaanza kujiona ana bahati kukufikia wewe. Mimi ni fundi umeme, na kwa kusema wenzangu sina mpinzani kuanzia maegesho ya malori hadi Kilosa mjini.

Kwa hiyo Mwalimu aliponiletea gari lake, nilianza mara moja. Mwalimu ni mama mstaafu, mtu wa Mamboya, aliyenifundisha darasa la nne. Hadi leo nikimwamkia shikamoo naficha mikono nyuma, maana alikuwa mkali wa kukagua kucha. Alikuwa anampa gari binti yake, muuguzi aliyepangiwa kazi Chanzuru, na binti ni mjamzito. Alitaka nikague hasa ile mifuko inayofumuka gari likigonga, tunayoiita eabegi. Sababu alikuwa nayo. Mwaka uliotangulia alimkwepa nyani barabarani hifadhini, akagonga ukingo wa kalavati, na mfuko haukufumuka. Usukani ulimng'oa meno mawili ya mbele.

Nilikwenda kumwona hospitali. Yeye ana nyuzi mdomoni, mimi nimekaa na machungwa asiyoweza kuyala, namweleza kitaalamu kwamba eabegi haifumuki ovyo, inataka kishindo cha kutosha. Niliongea kwa kirefu. Hakunikatiza, maana hakuweza.

Basi nikachomeka mashine ya kupimia. Injini ikajibu, gia ikajibu, breki zikajibu. Kisanduku cha eabegi, kile kinachoamua mifuko ifumuke au isifumuke, kikakaa kimya kabisa. Nikageuka nikamuuliza Mwalimu ni fundi gani alilichezea gari hili. Akanitazama juu ya miwani. Nilidhani ananistaajabia.

Nikafungua plastiki katikati ya viti, nikachomoa plagi ya kisanduku, nikapima kwa balbu. Kwenye fyuzi balbu iliwaka vizuri. Kwenye plagi ilififia, ikawa wekundu tu wa uzi wake ndani. Yaani umeme ulitoka kwenye fyuzi ukaishia njiani, na kisanduku kisichopata umeme hakiwezi kuzungumza na mtu. Nikaanza kuufuata waya, huku nikimsema yule fundi kwa sauti. Nilisema watu kama hao wangekatazwa hata kushika tochi. Nilisema huenda aliusomea ufundi kwenye baiskeli.

Chini ya redio nikaukuta ubaya wenyewe. Waya wa kisanduku ulikuwa umekatwa ili redio ipate umeme, kisha ukaungwa, na shaba ya kiungo ilikuwa imeoza na kuwa kijani. Kiungo kilivikwa kipande cha mrija wa wino wa peni, ncha zimeyeyushwa kwa kiberiti. Mtindo huo hakuna mwingine anayeutumia hapa Mikumi. Niliubuni mwenyewe, na nilikuwa najisifia kila nipatapo msikilizaji.

Kumbukumbu zikaja zote kwa pamoja. Redio niliifunga mimi. Taa nyekundu ya eabegi, inayoonya kwamba mifuko ina hitilafu, ilipoanza kuwaka, nilikuwa na haraka, nikaiunganisha na taa ya oili, ili iwake ufunguo ukizungushwa na izimike injini ikiwaka, kama ya gari zima. Mwalimu alinishukuru sana siku ile. Nami nikapokea shukrani.

Nilibaki nimeinama chini ya dashibodi muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Niliona aibu. Ningeweza kuunga waya upya, nikafunga plastiki, nikanyamaza, na kusema kweli wazo hilo nililizungusha kichwani mara mbili tatu. Hatimaye nikatoka.

"Mwalimu," nikasema, "fundi mwenyewe ni mimi. Meno yako nimeyang'oa mimi."

Akaweka kiganja mdomoni. Nikamweleza yote, redio, waya na taa. Alisema kwamba kazi ni yangu alijua tangu mwanzo, na alikuwa anangoja nimalize kujitukana. Ila hilo la meno hakulijua. Akauliza kama gari litatengenezeka. Nikasema litatengenezeka leo hii.

"Na taa kama hii umeizima kwenye magari mangapi?"

Nikaanza kueleza kwamba wateja wenyewe ndio huomba, kwamba taa ile huwakera.

"Nimekuuliza mangapi."

Sikujua. Akafungua mkoba, akatoa peni na karatasi, akaniambia nikae niandike, kila gari nitakalolikumbuka. Nikakaa kwenye tairi kuukuu. La kwanza kunijia lilikuwa la mke wangu, ambaye taa hiyo ilimsumbua hadi akanisumbua mimi, nikaizima asubuhi moja nikamwambia imepona.

Sikuandika la pili. Nilimpigia simu. Alikuwa ndiyo kwanza anatoka Kilosa kurudi, na mtoto wetu wa mwisho yuko kiti cha mbele. Nikamwambia aegeshe hapo hapo, nakuja na bodaboda. Akacheka, akasema gari halina tatizo lolote, taa zote zimezima, na kama lingekuwa na kasoro mimi ningekuwa wa kwanza kumwambia.